Kasa wa sufuria: siku yangu kati ya Mombasa na Diani

Saa 12 asubuhi. Upepo wa kusi unagonga mabati ya karakana nami nachekelea peke yangu. Leo tunamjaribu kasa wetu wa sanamu, na mapezi yake hayana mota. Upepo ukigoma, naye anagoma.

Saa 2. Mzee, fundi aliyeanza kuchomelea vyuma kabla sijazaliwa, ameshafika. Gamba tumelitengeneza kwa sufuria kuukuu zilizonunuliwa kwa kilo. Mapezi yamekaa juu ya habu za baiskeli, vile vitovu vya gurudumu. Alumini inastahimili pwani: zile pembe kubwa za ndovu za Moi Avenue, Mombasa, ni alumini, na zinapigwa na chumvi tangu miaka ya 1950. Lakini Mzee ananiita nione kipande tulichokiacha nje tangu masika. Pale ilipopita boliti ya stenlesi pana unga mweupe, ukigusa unabaki kidoleni kama wa ngano.

"Mwanangu, hawa wawili usiwalaze kitanda kimoja."

Kweli. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi zinakuwa betri, na hapa anayeliwa ni alumini. Tunakata tyubu ya baiskeli tukitenga boliti moja moja. Ziko 64. Asubuhi imeishia hapo.

Saa 6, feri ya Likoni. Watu watatu wanauliza kobe ni bei gani. Ni kasa, jamani.

Saa 8, Diani. Meneja wa hoteli anataka taa nyeupe, usiku kucha, wageni wapige picha. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kasa hutaga mchangani, mayai hukaa siku 60 hivi, na vitoto vikitoka usiku hufuata upande wenye mwanga zaidi. Kwa kawaida upande huo ni bahari. Ukiweka taa nyeupe vinageuka, vinapanda kuelekea hotelini, na asubuhi jua na kunguru wanamaliza. Yaani sanamu ya kasa inayoua kasa!

Nachora mchangani. Anachotaka ni wati 40 kwa saa 12, yaani wati-saa 480 kila usiku. Kwa hiyo paneli ya jua ya wati 150, karibu nusu ya mlango, na betri ya kuinua watu wawili. Ninachotoa mimi ni wati 6 za rangi ya kaharabu, yaani njano iliyoiva, zinazomulika chini na kutazama bara, kwa saa 4. Wati-saa 24. Paneli ya wati 20 inajificha mgongoni, na betri inavumilia usiku tatu za mawingu. Kaharabu nayo si salama kabisa, ila inavipotosha vitoto kidogo kuliko nyeupe.

Vitoto vya kasa havikumgusa moyo. Bei ya betri ilimgusa.

Saa 12 na nusu jioni taa zinawaka zenyewe. Pezi la kulia linazunguka taratibu, la kushoto limekwama. Mzee anapanda, anapuliza mchanga kwenye habu, anaongeza grisi, anashuka bila neno. Linazunguka.

Saa 4 na nusu usiku gamba linazima. Askari wa lango anakuja mbio na tochi: "Stima zimepotea?"

Namwambia hapana, azime na hiyo tochi.