Toktogul na komuz yake

Wiki nzima nashinda nasikiliza komuz, kigitaa cha Wakirgizi, watu wa Asia ya Kati, cha nyuzi tatu tu, mara nyingi kimechongwa kwa mti wa aprikoti, na kila nikitafuta nyimbo za zamani narudishwa kwa mtu mmoja, Toktogul Satylganov.

Kule Kirgizia malenga wa papo kwa papo anaitwa akyn. Hashiki karatasi, mada anapewa hapohapo na vina vinakaa, na wakikutana wawili wanajibizana mbele ya watu mpaka mmoja aishiwe, hiyo ndo aitysh. Toktogul alizaliwa 1864 bonde la Ketmen-Töbö, familia maskini, akachunga kondoo za watu, halafu 1882, ana miaka 18 tu, akambwaga Arzymat, akyn aliyekua akiimbia wakubwa. Kijana mchunga kondoo jamani!

Ila ulimi ulimponza. Kulikua na machifu watano, ndugu, wanawanyonya watu, yeye akawaimba akawaita nguruwe pori watano, na Wakirgizi ni Waislamu kwahiyo uzito wa hilo neno mnaujua wenyewe. Wakaliweka moyoni. Ulipotokea uasi wa mji wa Andijan dhidi ya Warusi waliokua wakitawala huko 1898 wakamsingizia kwamba naye alikuemo, akahukumiwa kifo, baadae hukumu ikabadilishwa akapelekwa Siberia, mbali huko Urusi. Akatoroka akarudi kwao, njia yote ile, na alipofika akakuta mwanae wa pekee ameshafariki na mke kaolewa kwingine. Hapo nilisimamisha video nikakaa kwanza. Na bado aliendelea kuimba mpaka alipofariki 1933.

Kitu kingine ni mikono. Wapigaji wa komuz mkono wa kulia hautulii, unagonga nyuzi unaruka hewani unazunguka kama ndege anayetafuta pa kutua, mara komuz imepinduliwa iko begani na mdundo haujakatika hata kidogo, yani mkono wenyewe unasimulia.

Leo sura yake iko kwenye noti ya som 100, pesa ya Kirgizia, na sehemu kubwa ya lile bonde imefunikwa na maji ya bwawa la umeme la mto Naryn, nalo linaitwa Toktogul.

Kama hamjawahi kumskia anzeni na Alymkan, wimbo wa msichana aliyempenda akaozeshwa mtu mwingine. Mi sijui neno hata moja la Kikirgizi lakini nimeurudia mara nne usiku wa jana.