Dakika Tatu Bila Masafa

Mimi ni mwongoza ndege. Jioni ile njia ya kutua na kuruka iliyokuwa ikitumika ni 27, yaani ndege zinatua zikielekea digrii 270. Nilikuwa na ndege tano kwenye rada ya kukaribia uwanja, ila kisa hiki ni cha mbili tu. Kusini kulikuwa na ndege ndogo ya injini mbili za pangaboi, mwelekeo 360, yaani kaskazini, futi 3,000, noti 180 (maili 180 za baharini kwa saa), imebakiza maili tano kufikia mhimili wa njia, yaani mstari wa katikati yake uliorefushwa nje ya uwanja. Kaskazini kulikuwa na jeti, mwelekeo 180, yaani kusini, mwendo uleule, maili saba kutoka mhimili huo, ikishuka kutoka futi 4,000 kwenda 3,000. Ndogo ningeigeuza kushoto hadi mwelekeo 300, inase lokalaiza (mawimbi ya redio yanayoonyesha mhimili huo) kwa pembe ya digrii 30, kisha jeti iingie nyuma yake. Mpango wa kila siku.

Nikaita ndogo igeuke. Nilipoachia kitufe sikusikia jibu, nikasikia ngurumo ya injini na watu wawili wanaongea. Mikrofoni ya mtu imekwama.

Redio za ndege hutumia AM, yaani sauti hubebwa kwa kubadili nguvu ya wimbi. Wawili wakirusha kwa pamoja, anayesikiliza hupata mluzi, au husikia yule mwenye nguvu zaidi. Aliyekwama ndiye hasikii chochote, kwa kuwa redio ikirusha, upande wa kupokea hufungwa. Kwake yeye kumetulia tu. Redio nyingi za kisasa hujikata zenyewe baada ya kama nusu dakika. Ile haikuwa mojawapo.

Hesabu ilikuwa mbaya. Noti 180 ni maili tatu kwa dakika, na zile mbili zinatazamana, kwa hiyo pengo la maili 12 linaliwa maili sita kila dakika. Rada yetu ilizunguka kila sekunde nne; kila mzunguko pengo lilipungua maili 0.4. Kikomo chetu cha kutenganisha ndege ni maili tatu, au futi 1,000 za kimo. Nilikuwa na dakika moja na nusu.

Wengi katika hali hii hurudia maagizo kwenye masafa yaleyale yaliyozibwa, na sekunde zinakwisha. Niliruka kwenye 121.5, masafa ya dharura ambayo marubani wengi wa jeti huyasikiliza kwenye redio ya pili. Agizo la kwanza lilikuwa kimo, si kubadili masafa: jeti iache kushuka, irudi 4,000. Ilikuwa imefika 3,600. Kisha igeuke kushoto, mwelekeo 090, itoke kabisa. Ikajibu mara moja. Mwenzangu wa zamu alikuwa tayari kwenye simu, akiwaambia sekta jirani wazuie wanaokuja na mnara wajue kinachoendelea.

Bado sikuwa na hakika ni nani aliyekwama. Nikaziambia zote, kwenye 121.5, zihamie masafa ya akiba na kubonyeza kile kitufe cha transponda (kifaa cha ndege kinachojibu rada) kinachofanya alama ya ndege imemete kwenye skrini. Alama nne zikameta. Ya ndege ndogo ikabaki kimya, inakwenda kaskazini.

Spika ya masafa ya zamani ilikuwa bado wazi. Rubani mmoja akamuuliza mwenzake, "Mbona hajatugeuza?" Mwingine akasema pengine tuna kazi nyingi. Nimewahi kusikia mengi kwenye redio, lakini si watu wanaonisubiri huku wao wenyewe wamenifungia mlango.

Walivuka mhimili karibu maili moja. Sindano ya lokalaiza ilipowapita wakagutuka, wakageuka kushoto wenyewe, wakaanza kukagua redio. Ngurumo ikakatika. Mikrofoni ya mkono ilikuwa imebanwa kati ya kiti na ubao wa karatasi, kitufe kimegandamizwa. Rekodi ilionyesha masafa yalizibwa kwa dakika mbili na sekunde hamsini.

Kosa langu lilitangulia la mikrofoni. Nilimteremsha wa kaskazini hadi 3,000 wakati yule wa kusini hajanasa lokalaiza. Cha kuwatenganisha kilikuwa agizo ambalo sikuwa nimelitoa bado. Siku hizi mmoja hubaki 4,000 mpaka mwenzake athibitishe amenasa. Marubani wengine hunung'unika kwamba nawaacha juu, ilhali kwa mteremko wa digrii tatu, futi 300 na ushei kwa maili, 4,000 katika maili 12 ni juu kidogo tu ya mstari wao wa kushukia.