Miche Iliyolala

Siku ya 3 baada ya kupandikiza tumbaku, nilifika shambani alfajiri nikakuta miche 11 imelala, yote kwenye tuta moja. Majani mabichi kabisa, shina limekatwa usawa wa ardhi. Miguu iliniisha nguvu, maana miche ile nilikuwa nimeitia dawa kwa mikono yangu.

Nilitumia imidaklopridi, kwa kipimo cha kwenye lebo, nikaimimina shimo kwa shimo pamoja na maji ya kupandia. Mizizi huinyonya, ikapanda na maji hadi majanini, na kidukari anayekuja kufyonza utomvu huikuta humo humo. Glavu mkononi, mgongo umepinda, nilikwenda hivyo kutwa nzima. Yalipobaki matuta 2 dawa ikaisha, nikamalizia kwa maji matupu.

Baba mdogo, mkulima wa tumbaku wa miaka mingi, hakusema kitu. Alichuchumaa, akafukua kwa kidole kando ya shina lililokatwa, akatoa kiwavi mnene wa kijivu aliyejikunja kama pete.

"Sota huyu, mwanangu. Hula usiku, mchana amejifukia. Dawa yako inawaweza wafyonzaji, huyu anakata." Kisha akauliza, "Huku magugu uliyatoa lini?"

Siku 4 kabla ya kupanda. Nilijibu kwa sauti ya chini, kwa sababu nilikwisha kuelewa. Nondo walikuwa wametaga magugu yakiwa bado yamesimama, viwavi wakakulia humo. Nilipoyafyeka niliwaacha na njaa, halafu nikawaletea miche laini.

Tulifukua penye kila shina lililokatwa, tukawaua mmoja mmoja. Jioni, muda wao wa kutoka, tukapulizia kwenye mashina dawa ya jamii ya pairetroidi, kisha tukaziba mapengo kwa miche ya akiba kutoka kitaluni.

Yale matuta 2 ya maji matupu sikuyafikiria tena hadi wiki ya 5. Niligeuza jani changa: vidukari wamejaa chini yake, na majani ya chini yananata kwa majimaji matamu wanayotoa, ukungu mweusi kama masizi umeanza kutanda. Nikavuka hatua moja hadi tuta la jirani, lililopata dawa. Niligeuza jani, na jingine, na jingine. Safi. Nilikwenda hivyo hadi mwisho wa tuta, nikigeuza kila mche, nikashindwa kuondoka.

Msimu uliofuata magugu niliyatoa mwezi mzima kabla ya kupandikiza, na dawa niliipimia matuta yote.