Mgonjwa wa sepsisi kabla boti haijaondoka

Katika zahanati za visiwa vya Lamu, kipimajoto ndicho kifaa ninachokiamini mwisho. Mzee au mtoto mchanga anaweza kuwa na maambukizi yaliyoshaingia mwili mzima ilhali joto lake liko chini ya nyuzi 36. Kwanza nahesabu pumzi, dakika nzima. Kwa mtu mzima natazama mambo matatu: pumzi 22 au zaidi, namba ya juu ya presha ikiwa 100 kushuka chini, na akili iliyovurugika. Mawili yakikutana na dalili za maambukizi, namtibu kama mwenye sepsisi, yaani maambukizi yaliyoufanya mwili uanze kuumiza viungo vyake wenyewe, hata kama bado anapiga soga.

Kisha kucha. Naibana sekunde 5, naachia, nahesabu hadi rangi irudi. Ikizidi sekunde 3, damu haifiki vizuri pembeni mwa mwili. Kwenye ngozi nyeusi mabaka ya magotini hayaonekani kwa urahisi, kwa hiyo napitisha mgongo wa kiganja kutoka pajani hadi unyayoni nikitafuta ubaridi unapoanzia. Mara nyingi jamaa wamemfunika mablanketi wakisema ni baridi tu. Nawauliza: "Mama, baba amekojoa lini mara ya mwisho?" Ikiwa ni tangu jana, simu ya boti inapigwa hapo hapo.

Chanzo nakitafuta huku dripu ikitundikwa: mguu wa mwenye kisukari, mzazi anayetoka uchafu wenye harufu, mapafu, mkojo. Mvuvi aliyechomwa na mwiba wa samaki taa namtazama kwa hofu ya pekee. Kidonda cha maji ya chumvi kinachouma kuliko kinavyoonekana, chenye malengelenge ya zambarau, huenda ni Vibrio vulnificus, bakteria wa maji ya bahari: antibiotiki ya seftriaksoni iende pamoja na nyingine, doksisaiklini 100 mg, na nyama iliyokufa ikatwe tiata. Malaria napima pia, ila kipimo chanya hakifuti sepsisi. Sukari ya damu lazima, kwani ikishuka nayo huvuruga akili.

Boti za Pate na Faza hupita mlango wa Mkanda maji yakijaa, yakipwa, mtasubiri. Kwenye mshtuko, yaani presha ikianguka na damu isifike viungoni, antibiotiki inatakiwa ndani ya saa 1, basi dozi ya kwanza haisubiri boti wala maabara. Kwa mtu mzima natoa seftriaksoni gramu 2: kila chupa ya gramu 1 nachanganya na maji ya sindano mililita 10, naisukuma mshipani polepole. Iliyochanganywa na ganzi ya lignokaini ni ya msuli tu, isiguse mshipa kamwe. Wala haichanganywi na maji ya dripu ya Ringer, kwa sababu kalisiamu yake huigandisha dawa kuwa chembechembe.

Maji ya mshipa kwa mtu mzima ni mililita 30 kwa kila kilo ndani ya saa 3. Mwenye kilo 50 ni chupa tatu za nusu lita. Sizifungulii zote kwa pamoja. Baada ya kila chupa nasikiliza mapafu, na yakianza kukoroma chini, napunguza. Kwa watoto wenye homa kali ndipo watu hukosea zaidi. Utafiti wa FEAST wa 2011, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141, ulionyesha waliomiminiwa maji ya chumvi haraka walikufa asilimia 10.5 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wasiomiminiwa. Wa kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuwemo, hao wana mpango wao.

Presha isiposhika baada ya maji, kazi ni ya hospitali: noradrenalini, dawa ya kubana mishipa, hadi wastani wa presha ufike 65. Anayeihitaji dawa hiyo huku laktati, asidi inayopanda kwenye damu viungo vikikosa oksijeni, ikizidi 2 ndiye mwenye mshtuko wa sepsisi hasa. Kwenye karatasi ya rufaa naandika saa ya sindano, dozi, maji yaliyoingia na mkojo uliotoka, na nampa msindikizaji mkononi. Huko Mokowe, gati la upande wa bara, mizigo hupotezana na wenyewe.