Mtu wa nyuma, karibu na nyaya

Saa kumi na mbili asubuhi, Katuba, Lubumbashi. Kabla ya kunawa uso nahesabu mikro. Mikro, yaani vipaza sauti, zinalala kwangu, chini ya kitanda, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli. Ziko sita. Bafle kubwa, zile spika, zinabaki kwa patron, bosi wangu, kwa sababu mwizi wa bafle anahitaji mgongo, lakini mwizi wa mikro anahitaji mfuko tu. Neno hilo lishikeni, litarudi.

Mke wangu anapuliza makala ya jiko, anauliza leo kuna nini. Namwambia: wachekeshaji watatu, kiisha karindula, kiisha orkestra. Anasema, "Basi leo unileteye moja." Maana yake kichekesho kimoja. Kila Jumamosi ananituma, na kila Jumapili narudi mikono mitupu.

Niseme mapema: mimi si DJ. Mama mkwe anaamini ni DJ na anaona haya kidogo mbele ya watu wa kanisa. Majirani wao wanaamini ni fundi wa umeme, wananiletea pasi zilizoungua. Mimi ni fundi wa sono, yaani wa sauti. Ukija kwenye show na marafiki zako hapa Lubumbashi, mimi ni yule mtu wa nyuma kabisa, karibu na nyaya, mwenye kitochi mdomoni, asiyecheka.

Asubuhi yote iliishia kwenye waya: kuzijaribu moja moja, kuchomelea mbili zilizokatika, kuzikunja zisijisokote. Saa saba mchana nilikula bukari, ugali wetu, na sombe, majani ya muhogo. Dyna ya kubeba vyombo ilichelewa saa nzima na nusu. Dereva alisema njia ilijaa, nami sikuwa na nguvu ya kubishana naye.

Mahali penyewe ni ua wa baa, Kamalondo, uliozungushiwa ukuta wa matofali na kuezekwa mabati. Viti vya plastiki, meza kama thelathini. Mabati hayo niliyatazama kwa wasiwasi tangu nilipoingia. Tuko Februari, na Februari ya Lubumbashi haiaminiki hata nusu saa.

Saa kumi vijana wa karindula wakafika, chombo chao kikiwa juu ya pusu-pusu, mkokoteni wa kusukuma. Kwa asiyekijua: ni banjo, lakini banjo ya majitu. Tumbo lake ni pipa la mafuta, uso wake ni ngozi ya mbuzi, shingo ni mti mrefu, na nyuzi ni nne. Ngozi hiyo ikinywa unyevu inalegea, na ukiipiga inatoa sauti ya godoro. Dawa yake ni moto. Basi wakawasha makartoni hatua mbili kutoka kwenye waya wangu mkuu, ule unaotoka kwa grupu, jenereta yetu. Nikapiga kelele. Mkubwa wao akanitazama kwa upole, akasema, "Yaya," yaani kaka, "bila moto hakuna muziki." Nikahamisha waya.

Grupu tuliiweka nje, nyuma ya ukuta, kijana wangu akailinda yeye na kidumu chake cha mazut, yaani dizeli. Ningeweza kutumia umeme wa mtaa, lakini stabilizatere yangu, kifaa cha kutuliza umeme, ina sindano, na sindano haisemi uongo. Mchana ilikuwa volti 210. Jua likizama, mtaa mzima ukiwasha resho, majiko ya umeme, kupika bukari, inateremka 170, na kwa 170 mashine zangu zinaanza kukohoa.

Sasa, jambo ambalo watu hawalielewi. Wanadhani orkestra ndiyo kazi ngumu, kwa kuwa ina magita, ngoma na waimbaji wanne, na kwamba mchekeshaji ni kupumzika: mtu mmoja, mikro moja. Ni kinyume chake. Muziki unasamehe. Gita likipotea sekunde mbili, besi linalifunika na watu wanaendelea kucheza. Kichekesho hakisamehi. Neno la mwisho likimezwa, dakika nne za hadithi zimekufa, na meza ya nyuma itauliza, "Alisema nini?" Kwenye maneno, maana inabebwa na vijisauti vya juu, s na t na k, vinavyokaa zaidi juu ya mitikisiko 2,000 kwa sekunde. Hapo ndipo ninapokaa usiku wote na vidole vyangu. Besi nalikata kabisa, maana halisemi kitu.

Na usifikiri dawa ni kuongeza sauti. Ukiongeza sana, mikro inasikia bafle, bafle inarudia ilichosikia mikro, mikro inasikia tena, mzunguko unaongezeka mpaka unapiga ule mluzi unaokata masikio. Sisi wa kazi tunauita larsen, kwa jina la mwanafizikia mmoja wa Denmark. Raia wanauita "we fundi!"

Ninafikiriaga mara nyingi habari ya Mwenda Jean-Bosco, mpiga gita. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo: mtu mmoja, gita moja, na mpaka sasa unasikia kila kidole. Na wazee wetu walicheka miaka na miaka na kikundi cha maigizo cha Mufwankolo, kwa redio na kwa televisheni, kwa Kiswahili hiki hiki chetu cha Lubumbashi. Kulikuwa na fundi mahali fulani nyuma. Hakuna anayemtaja, nami simjui, lakini ninamwonea wivu kitu kimoja: nafikiri hakuna aliyemwekea chupa ya bia juu ya meza yake ya kazi.

Saa moja usiku watu wakaanza kuingia. Wanakuja kwa makundi, wengine kwa miguu, wengine kwa manseba, watatu pikipiki moja. Nimeyatazama makundi ya marafiki miaka tisa sasa. Kuna mwenye tiketi za wote, na huyo ndiye anayechelewa siku zote, wenzake wanamngoja mlangoni wakizozana na mlinzi. Kuna aliyekwisha kuona vichekesho vyote kwa simu, anavisema nusu sekunde kabla ya mchekeshaji. Kuna dada anayecheka mwisho, baada ya kueleweshwa, na kicheko chake ndicho kirefu kuliko vyote. Kuna anayekaa kulipa jukwaa mgongo na kuulizia michopo. Na kuna mwenye siku yake.

Mwenye siku yake alikaa meza iliyogusana na yangu. Koti la rangi ya maziwa, jipya, mkunjo wa duka bado unaonekana mgongoni. Marafiki sita. Mchekeshaji wa kwanza hajamaliza salamu, nikaona chupa ya bia ya Simba imetua juu ya mikseri yangu, mashine ya kuchanganyia sauti, pembeni ya vitufe.

Nikaishusha chini, polepole. Ikarudi. Nikaishusha.

"Mukubwa," akaniambia, akiinamia sikio langu, "leo ni anivesere yangu."

"Mungu akuongezee miaka, yaya."

"Basi unipe mikro. Dakika moja tu. Nisalimie bantu."

"Mikro ni ya bale ba pa jukwaa."

"Dakika moja tu!"

Jukwaani mtu anasimulia jinsi baba yake alivyonunua simu ya kwanza, ukumbi umetulia, na masikioni mwangu naambiwa habari ya miaka thelathini na tano, mama aliyemzaa, kazi ya mgodi Kolwezi, kwamba amesafiri siku hiyo hiyo ili awe na marafiki zake. Yote ni mambo mazuri. Lakini masikio ndiyo vyombo vyangu vya kazi, na alikuwa ameyakalia. Mchekeshaji akageuza kichwa pembeni, sauti ikaanguka, nikachelewa kuiinua. Meza ya mbele: "Alisema nini?" Mwenye siku yake naye akageuka, akaniuliza kwa ukali kwa nini sauti ni ndogo.

Dada mmoja wa kundi lake akamvuta mkono, akaniomba radhi kwa macho. Chupa ikarudi mara ya tatu. Halafu akaenda kumtafuta mwenye baa, na mwenye baa akaja, mkono begani mwangu, akaninong'oneza kwamba meza ile imekwisha kununua kreti mbili. "Umupatie tu kidogo, baba."

Nikampa. Nilimpa mikro namba nne, na kitelezo cha namba nne kilikuwa chini kabisa, kwenye sifuri. Akasimama katikati ya marafiki zake, akashukuru wazazi, akaimba ubeti mzima. Meza yake ikapiga makofi. Meza ya pili haikusikia kitu. Akaniinamia: "Inatoka?"

"Inatoka, yaya. Bafle ziko mbele, huku nyuma utaisikia kidogo."

Sioni aibu kwa uongo huo. Marafiki zake walimsikia, na ukumbi ulimsikia mchekeshaji.

Mchekeshaji wa pili alikuwa katikati ya hadithi ndefu ya harusi mvua ilipoanguka. Sisemi ilianza. Ilianguka yote mara moja, na kelele ya mabati ilimeza kila kitu, hata grupu. Nikapandisha mpaka larsen ikanionyesha meno, nikashusha. Hakuna bafle linaloshindana na Februari. Mchekeshaji akagonga mikro kwa kidole, akanitazama kule nyuma, nikamwinulia mikono. Akaiweka chini. Kisha akaanza kuanua nguo. Hakuna kamba, hakuna nguo, hakuna neno hata moja: ni mama mtu mzima anayekimbia uani, anang'oa shuka, shuka linamfunika uso, mtoto anamshika kitenge, jirani amesimama tu anamtazama, mama anamtazama jirani. Watu walianguka kwenye viti. Mimi nilikuwa sina la kufanya, vidole vimetulia, na kwa mara ya kwanza sijui tangu lini nilitazama show kama mtu aliyelipa.

Ndiyo maana sikuona tone la kwanza. La pili liliangukia mkono wangu. La tatu, mikseri. Bati lilikuwa na tundu juu yangu kabisa, na nailoni yangu ya kufunikia nilikuwa nimewapa vijana wa karindula wafunike ngozi yao. Nikalala juu ya mashine kwa kifua. Basi nikasikia kitu kizito, kikavu, kinatua mgongoni kwangu. Lile koti la maziwa. Mwenye siku yake alikuwa amelivua, anasukuma meza yangu kwa nyonga, anawapangia marafiki zake: wewe shika huku, wewe inua waya, usikanyage! Tukaihamisha hatua tatu. Tangu hapo alijifanya bwana wa mikseri. Mtu akisogea na glasi, anamfukuza: "Hii ni makina, ndugu, si meza!"

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Mvua ikapungua. Mchekeshaji wa tatu alifupisha. Karindula wakapanda, ngozi imekauka sawasawa, na kwa mikro moja tu mbele ya pipa walitikisa ule ua mpaka wahudumu wakaweka sinia chini wakacheza. Orkestra ilianza imechelewa, mwimbaji wake wa kwanza alitaka sauti yake iwe juu ya wenzake, wa pili naye akataka hivyo hivyo, nikawakubalia wote na sikugusa kitu. Miguu ilikuwa imevimba. Mazut ilitosha kwa bahati tu.

Watu wakatoka. Ukumbi ukibaki mtupu unakuwa na sauti nyingine, kila kiti kinacholalia kingine kinalia kama bunduki, maana miili iliyokuwa ikinywa sauti imekwenda. Tukakunja waya zilizolowa matope. Nikahesabu mikro. Tano.

Nikahesabu tena. Tano. Saa nane usiku, na mikro moja ni mshahara wangu wa show ngapi, nisiseme. Tukatafuta chini ya jukwaa, chini ya viti, ndani ya pipa la karindula. Kijana wangu ndiye aliyesema, polepole, kama mtu anayeogopa jibu: "Namba ine ulimupatia nani?"

Tuliwakuta mbali kidogo na baa, kwenye kibanda cha michopo ambacho moto wake ulikuwa bado hai. Marafiki sita wamekaa juu ya matofali wanakula mbuzi na pilipili. Yeye amesimama, shati limelowa, mikro namba nne mkononi, waya wake umening'inia haujafika popote, anamwimbia mchoma nyama ubeti ule ule. Aliponiona akafurahi kwa kweli. Akaniita mwenzake wa kazi. Akanirudishia mikro kwa mikono miwili, akasema, "Mukubwa, hii mikro yako ni ya nguvu. Bantu bote banasikia."

Nikampa koti lake. Lilikuwa na alama nyeusi ya mraba mgongoni, kipimo kamili cha mikseri.

Nyumbani nilifika jogoo wameanza. Nikasukuma sanduku chini ya kitanda, mikro sita, nikajilaza bila kuvua soksi. Mke wangu, macho yamefumba, akasema, "Umenileteya?"

Nikajaribu kukumbuka wale wachekeshaji watatu. Wa kwanza: anageuza kichwa. Wa pili: herufi p nzito, inapasuka kwenye mikro, lazima kukata chini. Wa tatu: anashika mikro kwa kufunika kichwa chake. Maneno yao, hakuna hata moja. Basi nikamweleza habari ya koti, na chupa, na namba nne, na mchoma nyama. Alicheka mpaka mtoto akaamka akalia, naye akambembeleza huku bado anacheka.

"Huyo ni muchekeshaji wa wapi?" akauliza. "Anaitwaka nani?"