Jiwe limemjibu mhasibu

Leo tulikuwa tunakadiria hewa ukaa ya kiwanda kimoja cha saruji huku Tanga.

Mhasibu akauliza, "Si mhesabu tu makaa ya mawe yaliyochomwa, yaishe?"

Mama wa maabara hakujibu. Akachukua kipande cha jiwe la chokaa, akakidondoshea asidi.

Tsss! Povu likafumuka mpaka ukingoni mwa kisahani.

"Hiyo ndiyo hewa ukaa, baba. Imo ndani ya jiwe."

Jamaa kakodoa macho!

Tanuruni moto huitoa hiyo hewa. Ndiyo maana tunaanzia kwenye klinka, yaani vibonge vigumu vinavyotoka jiwe la chokaa likichomwa, ambavyo husagwa kuwa saruji: kwa mwongozo wa 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, kila tani 1 ya klinka huhesabiwa tani 0.52 za hewa ukaa, za jiwe peke yake. Makaa bado hapo.

Mliosoma kemia, nyie mngemwelezaje?