Saa ya Mbolea, namba 14

Nimeirudisha ile saa iliyobaki kwa Baba. Jumamosi iliyopita, Muheza, mkononi kwa mwenyewe, baada ya miaka 33. Wote mlioniambia "uza tu, mwenyewe keshakufa", nawaandikia ninyi kwanza: hajafa, ana michungwa yake na anatembea bila bakora.

Marehemu Baba alikuwa fundi saa. Meza yake ilikuwa Ngamiani, hapa Tanga, karibu na soko la Mgandini, tangu sijazaliwa mpaka macho yalipomkataa. Alipofariki 2021 tulikuta kwenye vitu vyake kopo la maziwa lenye saa nane, kila moja imefungwa kikaratasi kwa uzi. Ni saa za watu walioleta kutengenezewa wasirudi. Mama anasema kuna mwaka tulikosa ada na kopo lile lilikuwa uvunguni, na Baba hakuligusa. Nililiweka kabatini. Mwaka jana nikaona aibu: mimi ni mwalimu, kila siku nawaambia watoto waliookota penseli waulize ya nani, na kwangu kuna saa nane za watu.

Nilianza na iliyonipendeza, Seiko 5 ya chuma. Haina betri, inajijaza kwa mkono unavyotikisika. Nilipoitoa kwenye kopo nikaitikisa kidogo, mshale wa sekunde ukaenda, tak tak tak, kama sekunde ishirini hivi, ukasimama. Nilibaki nimeishika, nywele zimenisimama. Kikaratasi chake, kwa mwandiko wa Baba: "Mbolea 14. Kioo. 350."

Ushauri wa kwanza niliopewa ndio ulioniharibia wiki nzima. "Piga picha, tupia kwenye grupu, mwenyewe atajitokeza." Nikapiga mbele na nyuma, nikatupia. Wakajitokeza wenyewe kumi na mmoja! Mmoja akaniapia kwamba ni ya marehemu babu yake, aliinunua Mombasa mwaka 1971. Hapo nilimshukuru Baba, maana aliwahi kunifundisha nikiwa mdogo: Seiko za miaka ile, namba ya usajili iliyoko mfuniko wa nyuma, tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. Hii inaanza na 84. Maana yake Aprili ya 1978 au ya 1988. Haiwezi kuwa 1968 kwa sababu mashine yake ya ndani ni ya aina ya 7009, na mashine hiyo haikuwepo bado. Babu asingeweza kuinunua 1971. Nikafuta picha, lakini ya mfuniko ilikuwa imeshasambaa. Ukiwa na kitu cha mtu, usionyeshe upande wa pili hata kwa ndugu. Bahati yangu sikuwa nimeufungua mkanda, na siri yote ilikuwa mle.

Sasa "Mbolea 14". Mtu yeyote wa Tanga akiona jina likifuatiwa na namba anajua ni barabara. Ngamiani mitaa yetu ni namba. Basi nikaenda Barabara ya 14, jioni nne mfululizo baada ya kutoka shule, nyumba kwa nyumba: hodi, shikamoo, samahani namtafuta mtu aliyekuwa akiitwa Mbolea. Siku ya kwanza nilipewa maji, ya pili nikapewa uji, ya tatu bibi mmoja akanikalisha saa nzima kunieleza nani alizaliwa nyumba gani. Siku ya nne kijana akasema, "Mbolea? Namjua, twende." Moyo wangu ulivyopiga! Tukakata vichochoro mpaka kwa bwana mmoja anayeuza miche na samadi ya mbuzi kwenye viroba. Kweli anaitwa Mbolea. Nikamsalimia, nikaanza kueleza, na machozi yameshanilenga. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye suruali, akasema, "Dada, mimi saa sijapata kuvaa tangu nizaliwe. Na mwaka huo unaousema nilikuwa natembea uchi." Mtu mkweli sana yule. Angetaka, angeichukua, maana nilikuwa nayo kwenye mkoba na nilikuwa tayari kumpa.

Nikarudi nyumbani nimechoka. Mama alikuwa anakaanga samaki. Nikamsimulia, akanitazama kama anayemtazama mtoto. "Baba yako alikuwa hajui majina ya watu. Alikuwa anajua wanafanya kazi wapi. Na hiyo 14 ni msumari."

Msumari?

Akanyoosha upawa ukutani. Ubao anaotundikia mifuniko ya sufuria, ubao ambao nimeuona maisha yangu yote, ulikuwa ubao wa Baba wa kutundikia saa za wateja. Nikaondoa mifuniko, nikapangusa masizi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Chini ya kila msumari kuna namba kwa rangi nyekundu, 1 mpaka 20. Ya 14 ilikuwa safu ya tatu, kushoto. Jamani, jioni nne nagonga milango ya watu, na jibu lilikuwa linaning'inia jikoni kwetu.

Kwa hiyo mwenye saa alikuwa mtu wa kiwanda cha mbolea. Nikaenda kwa fundi aliyejifunza kwa Baba, akaufungua mfuniko. Ndani, pembeni kabisa, Baba alikuwa amekwaruza alama yake na "2/91". Mafundi saa wengi huacha alama humo siku wanayoishika saa. Kiwanda kile kilifungwa mwaka huohuo wa 1991, na watu wakatawanyika kila mmoja na njia yake. Nikaelewa kwa nini mtu anaweza kuacha saa nzuri kwa sababu ya shilingi 350. Fundi akaiosha yote, maana mafuta yalikuwa yameganda kama gundi. Alitaka elfu ishirini na kitu, nikampa kumi, akapokea kwa heshima ya Baba.

Aliponirudishia ndipo nikaufungua mkanda. Upande wa ndani wa kifungio kuna herufi imekwaruzwa kwa kitu chenye ncha: R, lakini imegeuka, tumbo linatazama kushoto. Fundi akasema ni alama ya fundi mwingine. Nikamwambia hapana. Nafundisha darasa la kwanza mwaka wa kumi na mbili huu, R hiyo naisahihisha kila Januari. Huo ni mkono wa mtoto anayejifunza kuandika. Mwenye saa alikuwa na mtoto wa miaka sita, saba hivi.

Sikumwambia mtu mwingine.

Wastaafu wa kiwanda wanajuana, walihangaikia mafao pamoja. Lakini wanakutana kwenye baraza la kahawa, na mimi mwanamke siwezi kwenda kukaa pale. Nikamtuma mjomba, na nikamkanya: usitaje Seiko, usitaje chuma, uliza tu kama kuna mtu wa Mbolea aliyeacha kitu kwa fundi wa Mgandini. Akanywa kahawa wiki mbili kwa pesa yangu. Wakatokea wawili waliosema ni wao, mmoja aliacha redio, mwingine alisema saa ya ukutani. Wa tatu akasema, "Si mimi, lakini kuna mwenzetu wa Muheza saa yake ilibaki kwa yule mzee. Alikuwa anaisema sana."

Nilipiga simu usiku huohuo. Shikamoo baba. Marahaba. Nikamuuliza swali moja tu: kuna mtu aliwahi kuichezea saa yako?

Kimya kirefu. Nikadhani mtandao umekatika. Kisha: "Binti yangu. Aliandika herufi ya jina lake kwenye mkanda, kwa msumari. Akaigeuza. Nilimchapa siku ile, mwanangu, na mpaka leo najuta."

Muheza si mbali, kilomita 35 au zaidi kidogo, nauli haikufika elfu sita kwenda na kurudi. Alikuwa ananisubiri amevaa kanzu. Kabla hata hatujakaa akatoa shilingi 350 alizokuwa amezifunga kwenye leso, akasema deni ni la Baba, nikampe Mama. Nikazipokea. Alipovaa saa ikateleza mpaka karibu na kiwiko, mkono umekonda. Nikaomba sindano ya kushonea magunia na jiwe dogo, nikatoa pingili mbili za mkanda palepale kibarazani, nikaziweka kwenye kiberiti kitupu, nikamkabidhi. Akampigia binti yake kwa video, yuko Dar es Salaam, mtu mzima na watoto wake, na mzee akawa anaisogeza ile R kwenye kamera mpaka picha ikawa ukungu mtupu. Simu yote walikuwa wanalia, hakuna aliyesema neno la maana.

Nilirudi na kiroba cha machungwa.

Zimebaki saba. Kikaratasi kinachofuata kimeandikwa "Reli 9". Mjomba ameshaanza kuulizia.